Ingovyi Iliyolia

Siku ile tulikuwa tukichambua maharage mbele ya nyumba ya shangazi, kwenye kilima chetu cha Gasorwe. Dada yangu Consolate alikuwa ameketi mkekani na mimba imemfika kifuani, akilalamika kwamba kila jiwe analolitoa kwenye ungo linarudi. Shangazi Gaudensia alimwambia mawe hayana kosa, ni macho yake yamevimba kwa uvivu. Tulicheka. Consolate alicheka kwa sauti, na sauti hiyo ilikuwa ikimponza tangu tuliporudi kutoka Tanzania, tulikokulia ukimbizini. Majirani walituita Watanzania. Walisema wasichana waliolelewa ng'ambo ya mpaka hawajui kutuliza midomo.

Ndipo ingovyi ikapita njiani. Kwa msomaji asiyeijua, ni kitanda cha mianzi iliyosukwa chenye miti miwili, wanaume wanne hukibeba mabegani, na mgonjwa hulala ndani amefunikwa shuka. Shangazi akasimama. Nasi tukasimama, hata Consolate na tumbo lake. Kwetu hakuna anayeketi ingovyi ikipita. Mwanaume akikutana nayo haulizi aliyemo ni nani au ni wa ukoo gani. Anaweka mzigo wake majanini na kutia bega, halafu anarudi kwenye shughuli zake. Nyumba zote za kilima zimo katika chama cha kubebana, maana gari halipandi huko na ugonjwa hauchagui mlango.

Neno hilohilo, ingovyi, ndilo jina la ngozi au kitambaa anachobebewa mtoto mgongoni. Nilipokuwa bado mgeni wa Kirundi cha kilimani nilidhani watu hawa wamepungukiwa maneno. Shangazi alinicheka. Alisema wewe uliyebebwa mgongoni na wewe utakayebebwa mabegani ni mtu yuleyule, kwa nini abadilishiwe jina la kitanda?

Naanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka bila kinyaa.

Vita vilikuwa vikizungumzwa kama mvua inayonyesha kilima cha pili, kisha vikawa kwetu. Sitataja makabila wala vyama. Waliopenda kuyataja waliyataja mno, na wengine mpaka leo wanakula kwa kuyataja. Watu wa porini walikuja kuchukua mbuzi, ndizi na vijana. Wanajeshi wakaja kutuuliza kwa nini tumewapa mbuzi, ndizi na vijana. Husemwa wapiganapo tembo nyasi huumia, na wakubwa wetu wanaupenda msemo huo kwenye hotuba. Mimi siupendi. Nyasi zikikanyagwa huota tena, na tembo hajawahi kufunua nguo za nyasi barabarani.

Kisha ikaja habari ya ingovyi. Tuliisikia sokoni, kwa kunong'ona. Wanaume walifika na ingovyi kwenye bariyeri, kile kizuizi cha wanajeshi katika barabara ya Muyinga, na ndani yake mtu alikuwa akipiga kelele za uchungu wa kuzaa. Wanajeshi waliona haya, wakaondoa gogo haraka, ikapita. Ilipofika nyuma yao ikatuliwa, shuka likainuliwa, na hapakuwa na mama wala mtoto. Palikuwa na bunduki, na mwanaume aliyekuwa akilia. Wanajeshi kadhaa walikufa pale. Tangu siku hiyo kila ingovyi ilifunguliwa kwenye bariyeri.

Wazee wa kilima walipoisikia walitema mate. Hawakuwa wanawapenda wanajeshi, Mungu anajua. Walitema kama mtu aliyekuta mavi kisimani.

Uchungu wa Consolate ulianza siku chache baadaye, kulipopambazuka. Shangazi hakuwa mkunga mwenye cheti. Alikuwa yule ambaye wanawake walimwita akae nao, na mimi nilikuwa nimeanza kumfuata kujifunza. Alimtembeza Consolate kuizunguka nyumba, akamnywesha uji wa mtama uliopoa, akamkandamiza kiunoni kwa kiganja kila uchungu ulipokuja. Na kila ulipokuja alimwambia neno lake moja: hora. Maana yake tulia, nyamaza. Mwanamke wa kilimani hazai kwa kelele. Akilia, kilio chake kitamfuata kisimani na kanisani mpaka mtoto aote ndevu.

Consolate aling'ata pindo la kitenge.

"Umeona, shangazi?" alisema uchungu ulipompa nafasi. "Mi nalia Kitanzania, kimoyomoyo."

Kisha maji yakamwagika, na kilichotangulia kutoka kilikuwa mkono. Mkono mdogo, wenye vidole vilivyokunjwa. Shangazi aliutazama, akamfunika dada yangu vizuri, akaniita nje.

"Mtoto amelala mkingamo," alisema. "Huyu hatoki kwa maombi wala kwa majani. Ni kisu, na kisu kiko Muyinga. Jua likifika utosini hajafika kwenye kisu, nitawapoteza wote wawili."

Pascali, mume wa Consolate, alishaleta ingovyi na wenzake watatu. Mmoja wao akauliza, "Na bariyeri?" Pascali akasema wataona tumbo lake, nao wamezaliwa na wanawake. Waliinua.

Tulishuka kilima, shangazi upande mmoja, mimi upande wa pili nimemshika mkono. Njia ilikuwa mbaya na ingovyi iliyumba. Kila ilipoyumba nilihisi vidole vya Consolate vikinibana mpaka mfupa, na kitenge alichoking'ata kilikuwa kimeingia damu ya midomo. Hakutoa sauti. Tulipokaribia barabara kubwa shangazi aliinama, akakitoa kitenge mdomoni mwake, akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mzazi yeyote.

"Lia, mwanangu. Lia tu."

Consolate akalia. "Mawe weee! Mawe!" Mama yangu, mama yangu.

Walitusikia kabla hawajatuona.

Tulipotokea kwenye kona, bunduki zilikuwa zimeshainuliwa.

"Tua! Tua chini! Nyinyi wote, lala!"

Wabebaji wakalazwa kifudifudi barabarani, Pascali shavu lake kwenye vumbi. Mimi na shangazi tuliachwa tumesimama.

"Ni mzazi, wanangu," shangazi alisema. "Mtoto ametoa mkono. Tuacheni tupite."

Mmoja, kijana mwenye kovu kidevuni, akatusemesha Kiswahili cha kambini. "We mama, unanidanganya mi? Wamama ya hapa hawaliaka wakizaa. Mama yangu alituzaa sisi wote, jirani hakusikia kitu. Mwenye kulia ni ule mwenye bunduki."

"Mtazame uso," nilimwambia. "Uso wa mwanamke huujui?"

"Uso? Ile siku pia niliona uso. Ilifungwa kitambaa, iko inalia mawe, mawe. Nikasikia huruma, quoi. Nikaweka bunduki yangu chini, nikabeba na bega hii." Alijipiga begani. "Bega hii hii! Wenzangu sasa wako wapi?"

Akafungua.

Hakutoa shuka tu. Alikifunua kitenge kwa ncha ya mtutu, kutoka miguuni hadi kifuani, na wengine wakasogea kutazama. Mmoja aliziba pua. Mmoja alicheka.

Waliuona ule mkono. Yule aliyecheka akaugusa kwa mtutu, apate kujua kama ni wa kweli.

Nilitapika palepale, kando ya gogo. Wakacheka tena.

Hata baada ya kuona hawakutuachia. Yule mwenye kovu alisema yeye haamui, lazima chef, mkubwa wao, aje ajionee mwenyewe, asije akaambiwa tena kuwa alipitisha. Chef alikuwa anakula. Tukangoja chef amalize kula. Shangazi aliomba amfunike Consolate, wakamkatalia, akavua mtandio wake akamfunika hivyohivyo na hakuna aliyethubutu kumgusa. Jua lilikuwa limeshatoka kwenye migomba na kuja juu yetu. Consolate alilia na kulia, na yule mwenye kovu alikuwa akizunguka huku ameziba masikio, akipiga kelele, "Nyamazisheni yeye! Nyamazisheni!"

Ghafla Consolate akanyamaza.

Shangazi aliweka kiganja juu ya tumbo lake. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Hapakuwa na kilichosogea.

"Modesta," Consolate aliniambia, polepole, midomo yake imekuwa myeupe. "Maumivu yameisha. Siumwi tena." Alikuwa amefurahi kidogo. Alidhani ni nafuu, kumbe kizazi kimepasuka.

"Mmeona?" yule mwenye kovu akasema, naye amefarijika. "Amenyamaza. Sasa huyu ni mwanamuke ya kweli. Allez, piteni."

Alifariki kabla hatujazifikia nyumba za kwanza za mji wa Muyinga. Tulikwenda naye hadi hospitali hata hivyo, kwa sababu miguu ya Pascali ilikataa kusimama. Muuguzi aliyetupokea aliuliza mbona tumechelewa hivi. Muuguzi hakuwa na kosa, lakini swali lake nililichukia, na bado ninalichukia.

Shangazi hakusindikiza tena mzazi yeyote. Alisema alikuwa na neno moja la kumpa mwanawe, lia, na neno hilo ndilo lililoinua bunduki. Nilimkatalia mpaka siku anakufa. Neno lake halikuwa na kosa lolote. Waliolichafua walikuwa wengine, na wakati huo mimi nilimjua mmoja tu.

Leo ninaishi Gitega, mtaa wa Yoba, na kazi yangu ni ile ya shangazi. Mkunga ana mambo yake. Mimi nakaa upande wa kichwa. Nashika mkono, nakanda kiuno, nafuta jasho, namwambia mama kinachofuata ili asiogope. Nilichokibadilisha ni neno. Simwambii mtu hora. Namwambia lia, na nimeshagombana na wauguzi wengi kwa ajili hiyo.

Ange, binti wa mzee Leonidasi wa jirani, aliniomba nimsindikize kwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa msichana mwoga mwenye adabu nyingi kupita kiasi. Uchungu ulipokolea alijikunja ukutani, akauma mkono wake mwenyewe.

"Mama Modesta, nikilia watanicheka."

"Acha wacheke. Wewe umekuja kuzaa, hukuja kupigwa picha."

"Mama mkwe iko pale nje."

"Mwache asikie. Atajua mjukuu amepatikana kwa kazi."

Alilia mpaka nikaona mabega yanalegea, na mabega yakilegea mengine hufuata. Nilimning'iniza shingoni kwangu, tukayumba pamoja kama walevi wawili, tukacheka katikati. Mtoto alikuja kwa kichwa, mviringo na mwenye hasira, akamkojolea muuguzi. Ninawapenda wanaokuja hivyo. Nilimwita babu yake aingie. Mzee Leonidasi alimpokea kwa mikono miwili, machozi yakamtoka, akaniita dada. Nami nilimpenda siku hiyo, niseme ukweli.

Siku ya guhemba, watu wanapoletea nyumba ya mzazi vyakula na vinywaji, uani kwao hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Vikapu vya maharage, makreti ya Fanta, mtungi wa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikalishwa karibu na mzee kwa heshima, nikapewa kikombe na mrija wangu. Mchungaji alikuwepo. Ange alikuwa chumbani na mtoto, mlango wazi. Shemeji mmoja akaanza kumtania, kwamba kilio chake kilisikika mpaka sokoni, ndizi zikaiva kabla ya siku zake.

"Tiya!" mzee Leonidasi akasema, akijifuta mdomo. "Kulia uchungu hata mi najua. Mi nililia kushinda yeye!"

Watu wakamwambia asimulie. Ilionekana wameshaisikia na wanaipenda.

"Tuko kule Muyinga, wakati ya vita. Wamenilaza kwa ingovyi, wamenifunga kitambaa, bunduki ziko chini ya mgongo, zinaniuma kweli. Tukafika bariyeri. Mi naanza: mawe weee! Mawe ndapfuye!" Aliinua sauti nyembamba ya mwenye kusema mama nimekufa, akashika tumbo, akajinyonganyonga kwenye kiti. Uani wakaanguka kwa kicheko. "Wale masoda na bunduki zao wakaona haya! Wakatoa gogo mbio! Na sasa sikia: mmoja akaweka bunduki yake chini, akakuja kusaidia kubeba! Adui iko ananibeba na bega yake, donc, mi niko ndani nalia, nashindwa kujizuia nisicheke!"

Walicheka wote. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Hakuna aliyeuliza yule mwenye bega alipatwa na nini, wala wenzake. Hadithi yake iliishia pale ilipokuwa bado inachekesha.

Pombe iliyokuwa mdomoni mwangu niliirudisha kwenye kikombe. Sikuwa na hasira; hasira ningeijua. Ilikuwa karaha, ileile ya kando ya gogo. Niliitazama mikono yake iliyompokea mtoto kutoka mikononi mwangu, na nilitamani kuifuta mikono yangu mahali.

"Mzee," nikasema, "ulilia vipi? Hebu rudia."

Akafurahi kwamba ninataka tena. "Mawe weee! Mawe ndap—"

"Hapana. Sivyo."

"Sivyo namna gani, mama?"

"Dada yangu alilia kwenye bariyeri hiyo siku chache baada yako. Yeye alikuwa na mtoto kweli, ametoa mkono. Yule aliyekubeba kwa bega lake ndiye aliyemfunua, kwa sababu alishajifunza kwako kwamba anayelia ana bunduki. Walimweka juani mpaka akanyamaza. Hakulia kama ulivyolia wewe."

Mchungaji alishughulika na miwani yake. Kutoka chumbani nilimsikia Ange akimhamisha mtoto kwenye ziwa la pili.

Niliaga, nikatoka. Mzee alinifuata mpaka getini, amesahau fimbo yake.

"Mama Modesta. Ilikuwa vita. Sisi tungejuaje kama nyinyi mtapita?"

"Mimi hamkunijua," nilimwambia. "Ingovyi mliijua."

Nilimwacha amesimama hapo.

Kesho yake nilirudi kumtazama Ange, kwa kuwa kazi ni kazi na mtoto hachagui babu. Maziwa yalikuwa yamejaa na kumuuma, nikamwonyesha namna ya kuyakamua. Nilipomaliza aliniomba nimfunge mtoto mgongoni, mara ya kwanza, na mimi nikamfunga, nikakaza fundo kifuani. Mzee hakutoka chumbani kwake. Wananiambia haisimulii tena hadithi ile. Sijui kama ni aibu au ni kwamba hana tena wa kumchekea. Kwangu haina tofauti. Dada yangu angekuwa bibi sasa, mwenye kelele kuliko wajukuu zake.

Watu hunishauri nichague wa kumlaumu nipumzike: yule wa ndani ya shuka au yule aliyelifunua. Nimejaribu. Nikimshika mmoja, namkuta wa pili ameshika upande wa pili wa mti wa ingovyi, wanambeba Consolate pamoja.

Jambo moja nililibakiza. Siku ileile, alasiri, tulirudi kilimani na Consolate katika ingovyi yake, kwa njia ileile, maana nyingine haikuwepo. Tulipotokea kwenye kona wanajeshi walikuwa wameketi kivulini. Walitutazama. Shangazi alisimama mbele ya ingovyi na mikono yake mitupu, tayari kupigwa risasi kabla mtu hajagusa shuka.

Hawakugusa. Yule mwenye kovu alisimama, kama desturi inavyotaka, akaondoa gogo yeye mwenyewe, akatupisha. Hakuuliza nani yumo. Ingovyi ilikuwa kimya, na hiyo iliwatosha kuamini kwamba ndani kuna mwanamke.